Mpangaji na Mpangaji

Kazi yangu ya kiangazi ilikuwa kukusanya vikaratasi. Ofisi moja ya ushauri wa mipango miji ilinichukua kwa miezi mitatu mwaka 2023, nikiwa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili wa shahada ya uzamili, na nikapelekwa kwenye mikutano ya wakazi wa Hill District, mjini Pittsburgh. Watu huandika maoni kwenye vikaratasi vya rangi, huvibandika kwenye ramani ukutani, hula sandwichi na kuondoka. Mimi nilikuwa nabandua. Nikirudi ofisini naingiza kila kimoja kwenye jedwali: namba, maoni, mada, mkazi au si mkazi. Vya njano vilikuwa vya "ninachokipenda", vya waridi vilikuwa vya "ninachotaka kibadilike". Rangi ya kukataa haikuwepo, na mimi sikuona kwamba haipo.

Aliyenionyesha ni mama mmoja wa miaka themanini na ushei. Kule wanawake wa umri wake huitwa "ma'am", nami nilimwita hivyo kwa mdomo, ila moyoni nilikuwa nimeshamwita bibi. Alikuwa amepanda mabasi mawili kutoka nje ya jiji hadi kwenye ule ukumbi wa chini ya kanisa. Alizaliwa Hill, akahamishwa akiwa msichana. Aliniambia jina la barabara ya kwao. Niliitafuta kwenye ramani iliyokuwa ukutani, sikuiona, naye hakushangaa. Akaniomba nimwandikie mimi, kwa kuwa macho yake yamechoka. Nikashika kalamu.

"Waulize hivi," akasema. "Tukisema hapana, itakuwa hapana?"

Nikasubiri sentensi nyingine, haikuja. Nikamuuliza kwa adabu kama ana maoni kuhusu taa za barabarani, mabenchi, au kiwanja kilichokuwa wazi pale pembeni, maana hayo ndiyo yalikuwa maswali ya jioni ile. Akanitazama kama bibi anavyomtazama mjukuu aliyetumwa chumvi akarudi na sukari.

"Mwanangu, mimi nimeshaulizwa sana habari za mabenchi."

Usiku ule niliandika kwenye jedwali: *Mshiriki ana wasiwasi kuhusu mchakato.* Mada: mengineyo. Mkazi: hapana.

Mstari huo haujanitoka. Shida yake ni kwamba si uongo. Neno kwa neno naweza kuutetea mbele ya msimamizi wangu yeyote, na bado najua nilimdhulumu yule mama. Nataka kuelewa nilimdhulumu nini.

Hill District ni mtaa wa mwinuko unaoanzia pale katikati ya jiji panapoishia. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ulikuwa moyo wa maisha ya Wamarekani Weusi wa Pittsburgh. Gazeti lao, Pittsburgh Courier, lilisomwa nchi nzima. Palikuwa na kumbi za jazi kama Crawford Grill, na timu ya besiboli, Pittsburgh Crawfords, iliyocheza kwenye uwanja wake yenyewe. Waliishi humo pia Wayahudi, Waitaliano na watu waliotoka Syria. Umaskini ulikuwepo, nyumba nyingi zilichakaa, na sioni sababu ya kulificha hilo. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949 iliyapa majiji ya Marekani fedha za serikali kuu za kununua na kubomoa maeneo yaliyotangazwa kuwa yamechakaa. Mwaka 1956 ubomoaji ulianza Lower Hill, sehemu ya chini iliyo jirani na ofisi za mjini. Ekari 95 zikasafishwa: majengo yapatayo 1,300, biashara zaidi ya 400, watu takribani 8,000. Pakajengwa Civic Arena, ukumbi wa duara wenye paa la chuma linalofunguka, ukazinduliwa mwaka 1961, na kuuzunguka pakawekwa maegesho ya magari.

Nilipompigia mama simu Dar es Salaam kumwambia nimepata nafasi ya kusomea mipango miji, alicheka. "Yaani hela yote hiyo usomee upangaji? Si umezaliwa mpangaji?"

Ni kweli. Tumepanga maisha yetu yote. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mtu anayechora ramani ya mtaa na kwa mtu anayelipa kodi ya chumba humo, na darasani, ambako kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwaweka watu hao wawili kwenye sentensi moja. Mimi nilikuwa nayo. Mpangaji wa kwanza anaondoka kwenye mtaa saa kumi na moja jioni. Wa pili anaondoka akipewa notisi.

Wengi wa watu wa Lower Hill walikuwa wapangaji wa aina hii ya pili. Mwenye jengo alilipwa, hata kama ni kwa bei ya dhuluma, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye hati na ilibidi mtu akae naye mezani. August Wilson, aliyezaliwa Hill mwaka 1945 na kuuweka huko karibu mzunguko wake wote wa tamthilia kumi, alilijua jambo hili vizuri. Katika Two Trains Running, hadithi ya mwaka 1969, Memphis ana mgahawa ambao jiji linataka kuubomoa. Anashikilia bei yake, dola 25,000, hashuki, na mwishoni jiji linampa 35,000. Huwa nafurahi kila nikifika hapo. Lakini nikiisoma sasa macho yangu yanawafuata wale wanaokaa mgahawani kutwa nzima, wanaokunywa kahawa na kubishana. Mgahawa ule ni wao pia, wao ndio wanaoufanya uwe mgahawa. Hakuna anayewaulizia bei.

Kwa hiyo swali ni hili: mtu aliyeishi mahali bila kupamiliki, akaondolewa, ana dai gani juu ya mahali hapo miaka sitini baadaye? Jedwali langu lilikuwa na jibu tayari. Hana. Si mkazi.

Jibu hilo halikubuniwa na mtu mwovu. Linatoka kwenye kanuni ninayoiamini, kwamba anayepaswa kuamua ni yule atakayeishi na matokeo. Na jioni ileile, kwenye ukumbi uleule, kanuni hiyo ilikuwa na mtetezi mzuri kuliko mimi. Dada mmoja wa rika langu, mwenye mtoto kwenye kigari, mpangaji wa Middle Hill, alinivuta pembeni akaniambia wazee wanataka ukuta wa kumbukumbu. "Mimi nataka mahali pa kununua maziwa nisipande basi." Ilimbidi aondoke kabla ya mkutano kwisha, basi la mwisho lenye nafuu lilikuwa linapita.

Maziwa si jambo dogo Hill. Mtaa ulikaa takribani miaka thelathini bila duka kubwa la vyakula. Wakazi walipoungana kudai haki zao wakati uwanja mpya wa hoki unajengwa, duka lilikuwa miongoni mwa madai yao ya kwanza, na likaingizwa kwenye mkataba wa manufaa ya jamii uliosainiwa mwaka 2008, wa kwanza wa aina yake Pittsburgh. Duka lilifunguliwa mwaka 2013. Mwaka 2019 likafungwa. Ukimwambia dada yule kwamba bibi wa nje ya jiji ana haki ya kuzuia jambo kwenye mtaa wake, atakuuliza bibi huyo ananunua wapi maziwa yake, na atakuwa na haki ya kuuliza. Waliohamishwa hawawezi kuwa wamiliki wapya wa waliobaki. Kumbukumbu nayo inaweza kuwa mwenye nyumba mkali.

Nililizungusha jambo hili kichwani kwa majuma mengi, na kilichonisogeza ni mpango wenyewe. Mkataba ule wa 2008 ulizaa mpango mkuu wa Greater Hill District, uliotengenezwa pamoja na wakazi na kukamilika mwaka 2011. Ni hati nzuri. Inadai makazi yasiyomfukuza mtu, na inataka ujenzi wote mpya usimame juu ya urithi wa utamaduni wa Wamarekani Weusi wa Hill. Hapo nilisimama. Urithi huo ni wa nani? Muziki, gazeti, besiboli, tamthilia, vinyozi, makanisa, vyote vilitengenezwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wanalipa kodi ya vyumba kwenye barabara ambazo hazipo tena. Kila mwekezaji anayekuja Hill leo anautaja urithi huo katika ukurasa wa kwanza wa andiko lake, kwa sababu unaongeza thamani. Basi mtu hawezi kuchukua alichokitengeneza bibi yule, akakiweka kuwa msingi wa mpango, kisha akamwandika "si mkazi" anapofungua mdomo. Ama urithi si wake na tuache kuutaja, ama ni wake na ana neno la kusema.

Neno gani, ndilo jambo gumu, na nilidhani litanishinda mpaka nilipokumbuka alichouliza hasa. Hakutaka kuchagua chochote. Hakuomba ukuta wa kumbukumbu, hakuomba barabara ya kwao irudi. Mabenchi aliyaacha, maziwa hakuyagusa. Aliuliza kama hapana ni hapana.

Kwenye kona ya Centre Avenue na Crawford Street, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazi walisimamisha bango kubwa linaloelekea mjini. Liliutangazia uongozi wa jiji kwamba hakuna uendelezaji upya utakaovuka pale, na kwamba wanadai nyumba za watu wa kipato cha chini kwa ajili ya Lower Hill. Miongoni mwa viongozi wa harakati ile alikuwa Frankie Pace, mwenye duka la kuuza muziki wa dini. Leo bustani iliyojengwa juu ya barabara kuu iliyoutenga mtaa na mji, na kufunguliwa mwaka 2021, ina jina lake. Ubomoaji haukuvuka Crawford Street. Nisiseme zaidi ya ninavyoweza: bango halikuleta neema. Mwaka 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, sehemu ya Centre Avenue iliungua, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhama na kutelekezwa. Lakini Middle Hill ipo. Dada yule na kigari chake wanaishi upande ule wa Crawford Street ambao haukubomolewa, na mkutano wetu wa vikaratasi ulifanyika upande huohuo.

Ndiyo maana siamini tena kwamba walikuwa wanapingana. Mkataba wake wa nyumba unaisha kila mwaka. Mtaa ukipendeza, kodi itapanda, na siku hiyo atahitaji hapana yenye nguvu kuliko atakavyohitaji kikaratasi cha waridi. Cha kujenga waamue watakaoishi nacho. Lakini watu wasifukuzwe tena kwa jina la kuwaendeleza. Juu ya hilo waliofukuzwa mara ya kwanza wana haki ya kusema, na pengine wao ndio mashahidi pekee tulio nao.

Darasani tulimsoma Sherry Arnstein, aliyeandika mwaka 1969 kuhusu ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato vinane, kuanzia kuchezewa akili hadi kushika hatamu. Kushauriwa tu ni kidato cha nne (Mtanzania hawezi kusema maneno hayo bila kukumbuka mtihani). Hapo ndipo jedwali langu lilipokuwa, kama nitajihurumia. Mwaka huohuo wa 1969 Mkenya John Mbiti alitoa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na humo akatumia maneno mawili ya kwetu, Sasa na Zamani. Marehemu anayekumbukwa kwa jina, alisema, bado yumo katika Sasa. Anazama katika Zamani akifa wa mwisho anayemjua. Wasomi wamembishia Mbiti mengi kuhusu wakati, na nadhani mengine kwa haki. Mimi nilimhitaji kwa jambo dogo tu, majina.

Kanisa la Bethel AME lilibomolewa Lower Hill mwaka 1957. Mwezi Aprili 2023, wiki chache kabla sijaanza ile kazi, yalitangazwa makubaliano ya kuurudishia usharika ule ekari moja na nusu karibu na lilipokuwa kanisa, kwenye eneo ambalo timu ya hoki ya Pittsburgh Penguins ilikuwa na haki za kuliendeleza. Nilifurahi, na bado nafurahi. Si mara nyingi ardhi hurudi. Lakini angalia kwa nini iliweza kurudi. Usharika una jina, una daftari la waumini, una mchungaji anayerithiwa na mchungaji. Ulihamia kwingine na kubaki yuleyule. Ulidai kwa miaka, na ulipodai kila mtu alijua ni nani anayedai. Mpangaji wa ghorofa ya pili, chumba cha nyuma, arudishiwe nini, na nani amdaie?

Nimewahi kuona wapangaji wakirudi. Nikiwa sekondari, kota za Magomeni, si mbali na tulipopanga sisi, zilibomolewa na watu wakaondolewa. Kiwanja kikakaa kitupu miaka, nyasi zikaota, na mtaani kila mtu alikuwa na hakika kimeshauzwa. Mwezi Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya pale, kwa ajili ya kaya 644 za awali. Mama alinitumia video nikiwa nakusanya nyaraka za viza. Nilichokumbuka mimi si maghorofa, ni ile namba. Miaka yote ile ilitajwa na kila mtu, kwenye daladala, kwenye magazeti: mia sita arobaini na nne. Ilikuwa orodha. Waliokuwemo waliishikilia kama watu wanavyoshikilia risiti. Wapangaji wa wapangaji, waliokuwa na vyumba vya uani, hawakuwemo.

Na kule kwetu, kwa yote tunayoilalamikia serikali ya mtaa, mpangaji akitaka barua ya utambulisho mwenyekiti hamuulizi hati ya nyumba. Anauliza unaishi kwa nani, anagonga muhuri. Nimekuja kuuheshimu muhuri ule. Unakubali kwamba mtu anaweza kuwa wa mahali kwa kuwa anajulikana hapo.

Wiki moja baada ya mkutano nilimwomba msimamizi wangu ruhusa ya kubadilisha mstari. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua jedwali, akasoma, akauliza una kasoro gani. Nikamwambia yule mama hakuwa na wasiwasi. Aliuliza swali, na sisi hatukumjibu. Akafikiri. Akasema tatizo ni kwamba ripoti haina mahali pa maswali tusiyoweza kuyajibu, kwa kuwa jibu haliko mikononi mwetu, liko kwa mteja. Nadhani hakusikia alichokisema, au alisikia na hakuwa na la kufanya. Ana watoto wawili na mkopo wa nyumba. Mimi nami sikuacha kazi. Nilihitaji ile barua ya kumaliza mafunzo, na nilikuwa na kodi ya kulipa.

Tulikubaliana maneno yake yaingie kwenye kiambatisho, kama alivyoyasema. Nikayaandika: *Tukisema hapana, itakuwa hapana?* Mada nilibadilisha kutoka "mengineyo" kwenda "haki ya kukataa", mada ambayo haikuwepo, na kwa hiyo ikawa na mstari mmoja peke yake.

Safu ya mwisho sikufanikiwa. Ilikuwa na machaguo mawili tu, na programu haikukubali iachwe wazi. Nilijaribu "ndiyo", ikatoa onyo kwamba anuani yake iko nje ya mpaka wa mradi. Nilikaa mbele ya lile onyo mpaka walinzi walipoanza kuzima taa za ghorofa yetu. Kwenye ripoti iliyochapishwa, ukurasa wa kiambatisho, bado imeandikwa: mkazi, hapana.

Mkutano uliofuata alikuja tena, kwa mabasi yaleyale mawili. Nilimletea karatasi na kumsomea, hadi neno la mwisho. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akaniuliza kama wamejibu.